Kiti cha Mtu wa Tatu

Wazazi wengi humpeleka mtoto kwa mshauri nasaha kama mtu anavyopeleka redio kwa fundi. Haishiki stesheni, inakoroma, ukiipiga kofi inasema kidogo kisha inanyamaza tena. Fundi aifungue, abadilishe cha kubadilisha, nasi tutaipitia jioni. "Huyu hapa," mama husema akiwa bado mlangoni, "zungumza naye, mimi nakaa nje." Mshauri anayeijua kazi yake humjibu kwa upole jambo ambalo mama hakulitegemea: "Hapana, mama, karibu na wewe ndani. Na baba yake tutampata lini?"

Baadhi ya wazazi hawarudi tena baada ya jibu hilo. Nawaelewa. Umekuja kulalamikia redio, fundi anataka kuchungulia nyaya za nyumba yako.

Familia nitakayoifuata katika sura hii ni ya kubuni, ingawa mshauri yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa ataidhania kuwa ni ya kwake. Baba ana karakana ya kuchomelea mageti. Mama anauza vitenge. Kijana wao wa miaka 15 yuko kidato cha pili. Ameacha kusalimia, anashinda chumbani na simu, na shuleni wamempata na utoro wa wiki mbili. Alichapwa. Akanyang'anywa simu. Akatishiwa kupelekwa kijijini kwa babu yake akalime. Mwalimu wa malezi ndiye aliyewaambia wamwone mshauri, na baba alikwenda shingo upande, akamkuta binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

Binti akamwamkia, akawakaribisha maji, kisha akamwomba baba jambo moja: "Nieleze habari za mwanao."

"Mkaidi," baba akasema. "Mwongo. Mtihani uliopita alikuwa wa 38." Akanyamaza. Hakuwa na la kuongeza.

Swali lile lilionekana la kawaida, la kuvunja ukimya tu. Lakini lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita Uganda.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, na alikuwa ametoka London alikofanya kazi na daktari John Bowlby. Huyu Bowlby ndiye aliyeliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti ya mwaka 1951 akidai kwamba mapenzi ya mama ni muhimu kwa akili ya mtoto mchanga kama vitamini zilivyo muhimu kwa mwili wake. Ainsworth hakuwa ameyakubali mawazo yote ya mwenzake. Alitaka kuona kwa macho.

Akatafuta familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wadogo 28, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, nyingine kwa miezi tisa. Alikwenda alasiri, wakati ambao wanawake wa Kiganda walikuwa na desturi ya kupokea wageni, akaketi sebuleni na mkalimani wake. Hakuwapa watoto mtihani wowote. Aliuliza, akaangalia, akaandika. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda mbali na mama, anavyogeuka kuhakikisha kwamba bado yupo, anavyokimbilia mapajani mgeni anapomtisha, kisha anavyotoka tena. Mama alikuwa kama bandari, na chombo chenye bandari ndicho kinachothubutu kwenda bahari kuu. Aliona pia watoto waliolia hata wakiwa wamepakatwa, ambao hawakuthubutu kwenda mbali.

Kilichowatofautisha akina mama wa makundi hayo mawili ndicho kilichonifanya niandike sura hii. Wapo waliokuwa wasimulizi wazuri wa watoto wao. Ukimwuliza mmoja wao kuhusu mwanawe, atakueleza bila kuombwa sana: anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiwa na usingizi, ubavu anaoupenda kulalia, anavyomkunjia uso mtu fulani. Na wapo waliokuwa na machache ya kusema, kana kwamba vijambo hivyo viliwapita. Wasimulizi wazuri, kwa jumla, ndio waliokuwa na watoto waliotulia. Ainsworth aliyaandika hayo katika kitabu kuhusu utoto Uganda kilichotoka mwaka 1967, na baadaye akayaendeleza Baltimore kwa jaribio lililompa jina kote duniani. Siku hizi nadharia hii ya mshikamano wa mama na mtoto inarudi kwetu kwenye semina za hotelini, na slaidi zake, kama mzigo ulioshuka bandarini jana. Wachache hukumbuka kwamba ilianza kukomaa katika sebule za Buganda, mbele ya wanawake ambao hakuna aliyewaita wataalamu.

Kwa hiyo binti yule alipomwomba baba amweleze habari za mwanawe, hakuwa akitafuta makosa ya kijana. Alikuwa akipima baba anamwona mtoto wake kutoka umbali gani.

Kuna hofu ambayo maelezo ya namna hii huwatia wazazi. Kumbe nilimharibu zamani! Nilikuwa kazini, nilikuwa na mawazo, nilikuwa nimefiwa, mtoto akawa ananililia na mimi sikumwona. Hofu hiyo ilipata jibu zuri kutoka kwa mwanasaikolojia Mmarekani Edward Tronick, ambaye miaka ya 1970 alifanya jaribio fupi na la kuumiza roho. Mama anakaa ana kwa ana na mtoto wa miezi michache, wanacheza. Kisha mama anaagizwa akaushe uso: atazame tu, asicheke, asijibu. Mtoto anatabasamu. Hakuna jibu. Anapunga mikono, anapiga kelele, mwishowe anageuza kichwa na kunywea. Dakika mbili tatu tu. Halafu mama anaruhusiwa kuurudisha uso wake, na wawili hao wanaanza kutafutana upya.

Watu wengi huikumbuka sehemu ya kwanza ya jaribio hilo, ile ya uso mkavu. Tronick mwenyewe alivutiwa zaidi na ile ya mwisho. Katika kazi yake aliona kwamba hata mama na mtoto wanaoelewana vizuri huwa wanalingana kwa takriban asilimia 30 tu ya muda wao. Muda uliobaki wanapishana: huyu anataka mchezo, yule amechoka, huyu anacheka, yule ameshaanza kulia. Uhusiano hujengwa katika kupishana na kurudiana, mara nyingi kwa siku, mpaka mtoto ajue mwilini mwake kwamba kilichoharibika hutengenezeka. Mzazi asiyekosea kamwe, kama angekuwepo, angemnyima mwanawe somo hilo.

Basi tiba ya familia, ukiivua majina yake makubwa, ni mahali pa kurudiana. Na ikiwa ni hivyo, sisi tulikuwa nayo.

Kijana aliyegombana na baba alikimbilia kwa bibi. Bibi alimlisha kwanza, akamwacha alale, kesho yake akamrudisha nyumbani akiwa mbele yake, na baba hakuweza kumfokea mtoto mbele ya mama yake mzazi. Msichana alikuwa na somo yake wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mama. Shangazi alikuwa na mamlaka yake, mjomba na yake. Mtani aliweza kumwambia mkubwa wa nyumba, kwa mzaha, maneno ambayo ndugu yake angeyasema wakaachana kwa ugomvi. Hata serikali iliutambua utaratibu huo: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wanandoa, isipokuwa katika hali maalumu, wapite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla mahakama haijasikiliza shauri la talaka. Daima palikuwa na kiti cha mtu wa tatu.

Siwezi kusema kwamba tukirudishe kiti kile kama kilivyokuwa. Bibi sasa yuko Tanga, baba yuko Tabata, na mambo yao humalizwa kwa simu ya dakika mbili yenye salamu nyingi. Lakini hata alipokuwa karibu, kikao chetu kilikuwa na kasoro moja kubwa. Kilitoa hukumu. Wazee walisikiliza pande mbili, wakasema nani amekosa, aliyekosa akaomba radhi, faini ikalipwa, chai ikanywewa. Na katika kesi ya mtoto na mzazi, aliyekosa alijulikana kabla chai haijachemka. Samaki mkunje angali mbichi, wakasema, na methali hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi najiuliza ni nani aliyemwuliza samaki. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ukatolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kukunja tumekunja kweli.

Mshauri hukaa kwenye kiti kilekile, ila haamui kesi. Huu ndio ugumu wa kazi yake, na wazazi humkasirikia kwa ajili hiyo. "Sasa wewe unasema nani ana makosa?" Hasemi.

Badala yake anaweza kufanya jambo dogo la ajabu, kama kuhamisha viti. Mtindo huu ulipata umaarufu kwa Salvador Minuchin, daktari aliyezaliwa Argentina na kuongoza kituo cha ushauri wa watoto cha Philadelphia kuanzia mwaka 1965. Yeye hakuridhika kusikia familia ikisimulia ugomvi wake. Alitaka iufanye palepale mbele yake, aone nani anamkatiza nani na nani anamtazama nani kabla ya kujibu. Familia zilizokuwa na binti anayekataa kula aliziita chakula cha mchana ofisini, akala nazo. Kwa maoni yake tatizo la mtoto mara nyingi ni mzigo aliobebeshwa na mpangilio wa nyumba. Mpangilio ukibadilika, mzigo unakosa bega.

Katika ofisi ya binti wetu, mama alikuwa ameketi katikati. Kila kijana alichotaka kusema alimwambia mama, na mama akampelekea baba akiwa amekilainisha kidogo. Baba alijibu kupitia njia hiyohiyo. Wiki ya tatu mshauri akasema, "Mama, nakuomba tubadilishane viti." Mama akahamia pembeni. Baba na mwana wakabaki wanatazamana, au tuseme kila mmoja anatazama magoti ya mwenzake. Dakika nzima ikapita. Baba akakohoa.

"Umekula?" akauliza.

Msomaji aliyekulia katika lugha hii anajua uzito wa swali hilo. Lina nakupenda ndani yake, lina nina wasiwasi, na lina samahani kwa wasioweza kulitamka. Mshauri mzuri halirukii kulitafsiri. Huliacha litue.

Kwa watoto wadogo zaidi, wa miaka miwili hadi saba, ipo mbinu nyingine ambayo wazazi huiona kama mchezo wa sinema. Ilianzishwa na Sheila Eyberg nchini Marekani katika miaka ya 1970. Mzazi anacheza na mtoto chumbani. Mshauri yuko nyuma ya kioo ambacho yeye anaona na wao hawamwoni, na mzazi amevaa kisikilizio sikioni. Kabla ya somo lolote la nidhamu, mzazi hujifunza kumfuata mtoto katika mchezo: asimwulize, asimwamuru, asimkosoe. Amsifie kwa kutaja hasa alichofanya, arudie maneno yake, aeleze anachokiona. Kipimo chake ni kikali. Katika dakika tano mzazi anatakiwa atoe sifa 10 zilizotajwa wazi, arudie maneno ya mtoto mara 10, aeleze matendo yake mara 10, na maswali, amri na lawama kwa pamoja visizidi vitatu. Nyumbani anaendelea dakika tano kila siku.

Jaribu leo jioni. Mimi nilijaribu, nikadhani dakika tano ni mzaha. Kabla ya dakika ya pili nilikuwa nimeshauliza maswali saba na kuamuru kwamba gari lisipitishwe juu ya kochi. Lugha yetu ya kila siku kwa watoto ni amri tupu. Njoo, kaa, acha, lete, nyamaza. Sifa tunaziogopa, tunadhani zitamvimbisha kichwa, na wakati huohuo tunashangaa kwamba mtoto wetu anachangamka kwa mwalimu wa madrasa au kocha wa mpira aliyemwambia neno moja zuri. Ukiitazama vizuri, mbinu ya Eyberg inamfundisha mzazi kile wale akina mama wa Kiganda walichokuwa nacho bila kisikilizio: kuona vijambo na kuvisema. Baada ya hapo ndipo hufuata somo la pili, la kutoa amri chache, zilizo wazi, na kuzisimamia. Tiba hii haimwambii mzazi aache kuwa mzazi.

Kipo kinachouma zaidi ya kusifu, nacho ni kuomba radhi. Mzazi wetu haombi radhi kwa mtoto. Atakununulia chipsi. Atakuruhusu kwenda uwanjani. Atamtuma mama aseme, "Baba yako ana moyo mzuri, wewe unamjua tu." Mshauri anayefanya kazi kwetu lazima ajue hilo, na asiige vitabu vya kwingine kwa kumbana baba mbele ya mwanawe, maana heshima ikivunjika hapo, baba haonekani tena na tiba imekufa. Ndiyo maana humwona baba peke yake kwanza.

Wiki ya tano kijana alisema. Hakutaja bakora. Alitaja siku moja miaka miwili nyuma, karakanani, alipokosea kupima bomba na baba akamwambia mbele ya mafundi wote kwamba hafai hata kushika spana. Baba alimtazama mkewe. Hakukumbuka. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau, na baba yule alikuwa mkweli kabisa aliposema hakumbuki. Mshauri hakumwagiza lolote. Alimwuliza tu kama yeye naye, alipokuwa na umri huo, kuna aliyewahi kumwambia neno akabaki nalo. Baba akajibu kwamba muda umekwisha, ana mteja Kigogo.

Jumamosi iliyofuata alimwambia kijana amsindikize karakanani. Mafundi walikuwepo, wawili kati yao ni walewale. Akamkabidhi futi na kalamu ya chaki, akasema kwa sauti ya kusikika juu ya jenereta: "Nilimsema vibaya huyu siku ile. Nilikosea mimi." Akawasha mashine. Hakuna mshauri ambaye angeweza kumpangia vizuri hivyo. Alijua mwenyewe kwamba jeraha linafungwa bandeji pale lilipo.

Swali la haki ni hili: nani ana fedha na muda wa kukaa wiki tano na mtu? Wataalamu wa saikolojia ni wachache na wengi wao wako mijini. Kwa hiyo kazi ya maana sana inafanywa na watu wasio na shahada. Minuchin mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kuwafundisha wakazi wa kawaida wa mitaa maskini ya Philadelphia kuwa washauri wa familia. Karibu na Eldoret, Kenya, mpango uitwao Tuko Pamoja umefuata wazo la aina hiyo: watu ambao tayari majirani huwaendea kwa ushauri wamefundishwa mbinu za tiba ya familia, wakazifanyia kazi kwa lugha na desturi za hapo. Afrika Kusini ulijaribiwa mpango wa wazazi na vijana uitwao Sinovuyo, jina la Kixhosa lenye maana ya kuwa na furaha, kwa familia 552 na mikutano 14. Ulipofika Tanzania ukaitwa Furaha. Navutiwa na jambo moja katika mikutano hiyo: mbali na kusifu na kusikilizana, wazazi na vijana hukaa pamoja kupanga fedha za nyumba. Yeyote aliyewahi kusikia ada ya shule ikizungumzwa usiku nyuma ya mlango anajua kwa nini. Ugomvi mwingi tunaouita utovu wa nidhamu ni umaskini uliokosa mahali pa kukaa.

Kuna nyumba ambazo sura hii haizihusu. Pale mtoto anapoumizwa sasa hivi, au anapoingiliwa na mtu wa humo ndani, kumketisha na anayemuumiza ili wazungumze ni kumrudisha mdomoni mwa fisi. Hapo panahitaji afisa ustawi wa jamii na polisi, na usalama wa mtoto kabla ya neno lolote la kupatana. Mshauri anayekubali kuendelea na kikao baada ya kuligundua hilo, kwa kuogopa aibu ya familia, amegeuka kuwa sehemu ya lile kosa.

Familia yetu ilikwenda mara nane. Utoro ulipungua, haukwisha. Simu ilirudishwa kwa masharti, masharti yakavunjwa, yakapangwa upya. Siku ya mwisho binti akamwuliza baba swali lake la siku ya kwanza: "Nieleze habari za mwanao."

Baba akajiegemeza. "Huyu," akasema, "hali ndizi ikiiva sana, anasema inanuka. Hesabu anazijua, ila ukimsimamia nyuma anakosea. Akilala huwa anazungumza. Na akiwa anafikiri jambo, anashika sikio lake, hivi."

"La kushoto," kijana akamsahihisha.